Betri Nyuma ya Mlango

Mume wangu alipoleta hovabodi tatu nyumbani, mama yake alizipapasa kwa mikono yote miwili, akauliza kama ni mizani ya kupimia uzito. Macho yake yalikuwa yamefifia. Alikuwa anaona mwanga na vivuli tu, na kila kitu kipya kilichoingia ndani kilipita kwanza mikononi mwake. Nikamweleza kuwa ni vibao vya kusimamia, vina gurudumu kila upande, vinaendeshwa na betri. Ukiinamisha nyayo mbele kinasonga, ukiinamisha nyuma kinarudi.

"Na breki?"

"Hakina, Mama. Ni miguu yako tu."

Akaguna, akaenda chumbani kwake.

Tulikuwa tunaishi Kariakoo, ghorofa ya tatu, kwenye jengo ambalo chini ni maduka ya magodoro na vitambaa, juu ni wapangaji. Mume wangu alikuwa na meza ya vifaa vya simu mtaa wa pili. Mimi nilikuwa nashona mapazia nyumbani. Bodi zilikuwa wazo lake, za kukodisha kwa watoto. Jumapili Posta inakuwa tupu, ofisi zimefungwa, magari hakuna, na mlinzi wa jengo moja alikubali tutumie sehemu yao ya kuegesha, yenye sakafu ya zege iliyonyooka vizuri. Watoto walikuwa wanakuja na wazazi wao. Wengine walitokea Feri kununua samaki, ndoo zikawekwa kivulini wakati mtoto anajifunza kusimama. Binti yetu, aliyekuwa darasa la tatu, alikuwa anapata zamu yake wateja wakiisha.

Kazi ya betri ilikuwa yangu. Hakuna aliyenipa, niliichukua mwenyewe siku ile fundi aliyetuuzia alipokuwa anaeleza na mume wangu anajibu "sawa, sawa" huku anaangalia simu. Fundi alisema usichaji bodi ikiwa bado ina joto. Usitumie chaja ya kitu kingine hata kama inaingia. Usiiache kwenye umeme ukaondoka. Nilisikiliza kila neno, kwa sababu nilikuwa najua ninakozipeleka. Madirisha yetu yote yalikuwa na nondo. Mlango wa kutokea ulikuwa mmoja, na nje yake geti la chuma lenye kufuli. Ndani kulikuwa na mtoto na mama asiyeona.

Basi Jumapili tukirudi nilikuwa nazipanga kwenye roshani ya nyuma, juu ya vigae, mbali na vitambaa vyangu. Naweka kiganja chini ya kila moja, pale betri ilipo. Ikiwa na joto inasubiri hadi kesho yake. Nafuta tundu la kuchajia kwa kitambaa kikavu, kisha nachaji moja moja, mchana, nikiwa nimekaa hapohapo napinda mapazia kwa mkono. Taa nyekundu ikigeuka kijani nachomoa. Wiki ambazo hatukwenda Posta sikuziacha ziishe chaji kabisa, wala sikuzijaza hadi mwisho. Mume wangu alikuwa ananitania kwamba nimepata watoto wengine watatu.

Masika ilipoanza, roshani ikawa haifai. Mvua ilikuwa inapigwa na upepo hadi mlangoni. Tukazihamishia kwenye korido, kwenye kona iliyo karibu na mlango wa mbele, kwa sababu kwingine kote kulikuwa na vitambaa au vitanda. Sikuipenda ile kona. Tukakubaliana zikae pale tu, na siku ya kuchaji nitazipeleka jikoni kwenye vigae.

Jumapili moja mvua ilikatika mchana, jua likatoka, watu wakaja Posta wengi. Mtoto mmoja wa kiume akaingia na bodi kwenye dimbwi lililoonekana dogo. Lilikuwa na shimo. Bodi ikazama nusu, mtoto akaanguka akalowa, mama yake akacheka, na sisi tukaiinua ile bodi maji yakichuruzika kwenye matundu yake yote.

Nyumbani nilisema hii tusiichaji tena. Mume wangu alisema itakauka. Akaiweka kwenye jua juu ya paa kila jua lilipotoka, akaishusha kila wingu lilipokuja, karibu wiki nzima. Kisha akaiwasha. Ikawaka. Akapanda juu yake, akaenda nayo hadi mwisho wa korido na kurudi, akanitazama.

"Unaona?"

"Naona nje," nikamwambia. "Ndani sioni. Ipeleke kwa fundi aifungue."

"Fundi ataifungua atakuta imekauka."

"Basi si vibaya akikuta hivyo."

Akasema ataipeleka. Nikamwamini, tukaacha kuizungumzia.

Siku yenyewe ilikuwa ya kawaida kabisa. Shule zilikuwa zimefungwa, mtoto alikuwa sebuleni anachora. Umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi. Mume wangu alikuwa amechelewa kutoka, alikuwa anatafuta mwavuli pale kwenye kona ya mlango, nikamsikia anahamisha vitu. Akaaga, nikafunga geti kwa ndani na kurudisha ufunguo kwenye msumari. Mimi ni mshonaji, bila umeme cherehani yangu ni meza tu, kwa hiyo nilikaa na sindano hadi adhuhuri. Umeme uliporudi nilifurahi. Nikavuta kitambaa, nikaanza kushona pazia la mteja wa Mchikichini aliyekuwa amenipigia simu mara mbili.

Cherehani ile ina kelele. Sikusikia kitu kingine.

Nilikuwa karibu kumaliza upande mmoja Mama alipotokea kwenye mlango wa chumba chake, mkono ukiwa ukutani.

"Mwanangu amekuja?"

Alikuwa anamaanisha wifi yangu, anayeishi Kigamboni. Nikazima cherehani.

"Hajaja, Mama. Labda Jumamosi."

"Sasa nani anapaka rangi ya kucha?"

Wifi yangu kila akija alikuwa anakaa sebuleni anajipaka kucha, na Mama alikuwa hapendi ile harufu. Nikataka kumwambia hakuna anayepaka. Kabla sijafungua mdomo na mimi nikaisikia. Harufu tamu, kali, inayopanda puani. Nilimwangalia binti yangu. Alikuwa na penseli za rangi tu.

Nikatoka sebuleni kuingia koridoni.

Korido yetu haina dirisha, ina taa moja. Kwenye kona ya mlango, nyuma ya mwavuli wa zamani na mfuko wa viatu, niliona bodi ile iliyozama. Ilikuwa kwenye chaja. Waya ulikuwa umepita nyuma ya zile nyingine mbili hadi kwenye soketi ya ukutani. Nikaelewa papo hapo alichokifanya: aliichomeka umeme ukiwa umekatika, akaenda zake, ili ukirudi ijichaji yenyewe.

Ilikuwa inatoa moshi. Si mwingi, mweupe, ulikuwa unatoka kwenye ufa wa chini na kutambaa sakafuni badala ya kupanda juu. Na ilikuwa inalia ndani, ta, ta, kama mtu anavunja vijiti.

Nilisimama. Soketi ilikuwa nyuma ya bodi, sikuweza kuifikia bila kuinama juu ya ule moshi. Nikakumbuka meni swichi, ya kukata umeme wote, iko juu ya mlango wa jikoni. Nikarudi hatua chache, nikaivuta chini. Korido ikawa giza.

Ta, ta, ikaendelea. Umeme haukuwepo tena, na yenyewe haikujali.

"Mama," nikasema, na sauti yangu ilitoka ya chini kuliko nilivyotegemea, "mshike mtoto. Msije huku mpaka niwaite."

"Ni nini?"

"Betri inataka kuwaka."

Hakuuliza tena. Nikamsikia anamwita mjukuu wake.

Nilikuwa na njia mbili kichwani. Kuwapitisha wote wawili pembeni ya ile bodi sasa hivi, nihangaike na kufuli wakiwa wamesimama juu yake. Au kuiondoa kwanza. Kama ingelipuka tukiwa pale kwenye geti, hakuna ambaye angetoka. Bafu letu lilikuwa katikati ya korido, upande wa kulia, lenye vigae hadi darini na dirisha dogo la kutolea hewa. Jikoni kulikuwa na dekio, lile la mti mrefu lenye mpira wa kusukumia maji. Nikalichukua.

Nilifungua mlango wa bafu hadi mwisho. Nikanyoosha dekio, nikapitisha kichwa chake nyuma ya bodi, nikavuta. Waya wa chaja ukaizuia. Nikavuta tena kwa nguvu, plagi ikachomoka, bodi ikaja ghafla kwa magurudumu yake ikaniparamia hadi kwenye vidole vya miguu. Joto lake nililihisi kwenye miundi ya miguu. Nikaruka mlangoni mwa jikoni, nikageuza dekio, sasa nikaanza kuisukuma kuelekea bafuni.

Kizingiti cha bafu kimeinuka kidogo, kuzuia maji yasitoke. Gurudumu moja likagonga hapo, likakwama.

Nikasukuma. Ikapinda, haikupanda. Nikairudisha nyuma, nikasukuma tena. Moshi ulikuwa umegeuka, sasa ni wa kijivu na mzito, macho yalikuwa yanachuruzika machozi, na sauti ya ndani ilikuwa imeacha kuvunja vijiti ikawa mluzi. Ule mluzi ulipanda, ukapanda, kisha moto ukatoka ubavuni mwake. Haukuwa ulimi wa moto wa kawaida, ulikuwa unafyatuka kwa nguvu kama maji ya bomba lililopasuka, ukapiga ukuta wa korido. Mwanga ulikuwa mweupe. Binti yangu akapiga kelele sebuleni.

Sijui niliisukumaje. Najua niliinua mguu na kuipiga teke, na ndala yangu ikabaki mle ndani. Bodi ikavuka kizingiti, ikaangukia ubavu, ikazunguka yenyewe kwenye vigae. Nikavuta mlango.

Kitasa cha mlango ule kilikuwa kibovu. Ukiufunga bila kuushikilia unarudi wazi polepole. Tulikuwa tunaweka ndoo. Ndoo ilikuwa ndani.

Basi nikawa nimeshika kitasa kwa mikono yote miwili, ndani kunalipuka, pa, kimya, pa, na kila mlipuko nauhisi kwenye mbao. Nikiachia, moto unatoka koridoni. Nikishikilia, geti limefungwa na ufunguo uko kwenye msumari, na wao wako upande wa sebule. Lilikuwa giza tupu na moshi ulikuwa umeshuka kutoka darini hadi kifuani.

"Mama," nikaita. "Njoo na mtoto. Inameni. Pita nyuma yangu, ufunguo uko mahali pake."

Nilikuwa namwomba mwanamke asiyeona apite kwenye giza na moshi na mtoto anayelia, afungue kufuli. Lakini ile korido alikuwa anatembea hivyohivyo kila siku ya maisha yake pale. Nikasikia kiganja chake kinaburuzika ukutani, taratibu, bila haraka. Nikasikia anamwambia mtoto, "Shika kanga yangu. Funga macho na wewe, ndiyo njia nzuri." Kisha bega lake likagusa mgongo wangu, akapita. Ufunguo ukalia kwenye msumari. Mlango wa mbao ukafunguka. Kufuli ikagoma kidogo, ikakubali.

Mwanga wa ngazi ukaingia. Binti yangu akatoka mbio. Mama akabaki amesimama getini.

"Na wewe," akasema.

"Nakuja. Tangulieni."

"Siendi. Ukija ndiyo naenda."

Kitasa kilikuwa kimeshakuwa cha moto. Nikaachia. Nikakimbia zile hatua chache bila kugeuka, nikamshika Mama kiunoni, tukateremka ngazi tukiwa tumebanana na marobota ya vitambaa ambayo wafanyabiashara wa chini walikuwa wameyarundika hadi ukutani. Nilikuwa napiga kelele za moto kila ghorofa. Milango ikafunguka.

Waliouzima ni jirani yetu wa ghorofa ya pili na vijana wawili waliokuwa wanajenga jengo la mkabala. Walipanda na ndoo za mchanga, wakiwa wamejifunga fulana zilizoloweshwa usoni. Wakamwaga mchanga, ukazima. Wakashuka, ukawaka tena wenyewe, wakapanda mara nyingine. Zimamoto walipofika, wakipenya kwenye mikokoteni na watu wa Kariakoo, kilichobaki kilikuwa moshi. Lakini mmoja wao aliitoa ile bodi nje kwa koleo, akaizamisha kwenye pipa la maji barabarani, akasimama kuilinda kwa muda mrefu.

Sisi tulikuwa tumekaa kwenye kibaraza cha duka la magodoro. Binti yangu alikuwa ameegemea mapaja ya bibi yake, anakohoa. Mimi viganja vilikuwa vimeiva vyekundu na malengelenge yameanza. Mwenye duka alituletea maji, akatutazama, akayatazama magodoro yake yaliyopangwa hadi darini, akakaa chini.

Mume wangu alikuja anakimbia mvuani. Alituhesabu kwa macho, mmoja mmoja. Kisha akapiga magoti mbele ya mama yake.

"Niliichomeka mimi," akasema.

Nikajibu mimi.

"Najua."

"Ilikuwa imekauka."

"Nje."

Akainamisha kichwa. Nilikuwa na mengi ya kumwambia, nilikuwa nayo hata kwenye meno, ila mtoto alikuwa anasikiliza na mikono ilikuwa inaniuma. Nikaomba maji ya kuloweka viganja.

Wifi yangu alikuja jioni ileile akamchukua Mama, wakavuka kwenda Kigamboni. Kifua chake kilikuwa kinabana na nyumba ilikuwa bado inanuka. Tulidhani ni kwa wiki moja. Wiki ikapita, akasema bado. Mume wangu akaenda kumsalimia, akarudi peke yake. Akaenda tena. Mama alikuwa anamwitikia salamu, anamuuliza habari za mtoto na za mikono yangu, basi. Akizungumzia kurudi, Mama anageuza uso.

Wakati huo tukipaka korido rangi mpya, tukibadilisha mlango wa bafu na kitasa chake, bodi mbili zilizobaki zilikuwa zimekaa roshani chini ya turubai. Nguo nilianza kuzianika sebuleni ili nisipite pale. Jioni moja, bila kugombana, nikamwambia, "Hizi zikilala humu tena usiku mmoja, mimi na mtoto tutalala Kigamboni."

Hakubisha. Asubuhi yake akazibeba hadi Posta. Akaongea na yule mlinzi, wakapata kibanda cha matofali kilichokuwa cha jenereta, hakina kitu ndani isipokuwa sakafu na mlango wa chuma. Tangu hapo zilikuwa zinalala huko na kuchajiwa huko, mchana, na mwenye kuchaji akiwa yeye. Fundi alizifungua zote mbili kwanza, akasema ni kavu. Jumapili ya kwanza nilipopeleka chakula nilimkuta amekaa kwenye stuli mlangoni mwa kibanda, ameipa barabara mgongo, anaiangalia taa nyekundu. Wateja wawili walikuwa wanamngoja. Aliwaambia wasubiri.

Nilikwenda kumchukua Mama mimi mwenyewe, na mume wangu akaja nyuma yangu, bila kuitwa. Kwenye pantoni alikaa benchi la mbele na sisi tulikaa nyuma. Nilimweleza Mama zilipo bodi, na kwamba mlango wa bafu ni mpya. Alisikiliza, akasema, "Twende tukaone," neno alilolitumia siku zote kana kwamba macho yake ni mazima.

Alipanda ngazi polepole, akipumzika kila ghorofa. Ndani alisimama kwenye korido. Akaweka kiganja ukutani, akakisogeza hadi kwenye rangi mpya, akaipapasa kipande chote kilichokuwa kimeungua. Mume wangu alikuwa amesimama mlangoni na begi la nguo za Mama, hajui aliweke wapi. Mimi nilipita jikoni, nikaweka chai.

"Mama," nikamsikia anasema, "naomba unisamehe."

"Umeshamwomba mkeo?"

Ningeweza kuitikia kutoka jikoni kwamba ameniomba. Haikuwa kweli. Alikuwa amepaka rangi, amebeba bodi, ameniosha nywele kwa sababu mikono yangu ilikuwa imefungwa bandeji, lakini neno lenyewe hakuwahi kulitamka.

"Bado," akasema.

"Anza na yeye. Mimi niko hapa, siondoki."

Akaja hadi mlangoni mwa jikoni, begi bado mkononi. Mama alikuwa nyuma yake, amesimama palepale, anasikiliza waziwazi. Mume wangu akaniomba msamaha. Alisema kwa maneno machache. Aliniambia pia kitu ambacho nilikuwa sikijui, kwamba kila akiwa mezani kwake akisikia mtu anaita moto, hata kama ni mzaha wa vijana wa mtaani, anafunga meza anakuja kusimama chini ya jengo na kutazama dirisha letu, kisha anarudi.

Viganja vyangu vilikuwa vimepona, ngozi mpya ilikuwa nyembamba na bado ilikuwa inavuta nikikunja vidole. Nikachukua begi mkononi mwake, nikaliweka chini, nikampa kikombe.

"Mpelekee Mama," nikamwambia. "Chako nakimimina sasa hivi."